Mikono Nje ya Leso

Gatitu, Jumapili

Ngendo binamu yangu,

Huku tuko wazima. Ng'ombe wa mama amezaa.

Nasikia unalaumu krimu yangu. Nilipokuuzia, si nilikuambia inapunguza madoa kidogo tu, tena baada ya miezi mitatu? Wewe ulitaka ngozi mpya kabla ya ruracio yako, siku ya kuletewa mahari, ukamaliza kopo zima kwa wiki mbili, uso na mikono, ukabambuka kama kiazi cha kuchemsha.

Halafu siku yenyewe tukafunikwa leso wasichana watano, mikono tu nje, ili Mwai amtambue bibi arusi wake. Akashika mkono wako, akauachilia, akashika wangu. Watu wakacheka, akatozwa mbuzi kwa kukosea. Sasa unaambia watu wa Nanyuki ati krimu ilimchanganya.

Jana Mwai alikuja hapa na wazazi wake, nikamuuliza. Alisema mkono wako aliutambua mara moja, kwa lile kovu la panga.

Ruracio yangu naye ni Desemba. Njoo ufunikwe pamoja na wenzako. Chini ya leso, uso hautakusumbua.

Ni mimi,
Tabby