Kumpeleka Mame Hekaluni

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Bi Haruyo kahamishiwa hospisi, nyumba ya wagonjwa wasiopona. Nimefika kwake saa mbili asubuhi kama kawaida, ufunguo mkononi, nyumba kimya. Mame peke yake kwenye kapu — Mame ndiye mbwa wake. Dinah, jirani, kaniambia ambulensi ilikuja alfajiri. Ofisi hawakunipigia hata simu! Miaka mitatu namwogesha bibi wa watu, namvisha soksi, namkatia tufaha vipande vyembamba anavyovitaka — habari zake nazipata mlangoni kwa jirani.

Nimempigia Geeta wa ofisini. Pole Rajab, kasema, jina lake tumeshaliondoa kwenye shifti zako, kesho unaanza kwa mzee mmoja Dagenham. Na mbwa? Mbwa si kazi ya kea, wewe unatunza wagonjwa tu. Dinah atamlisha.

Haya.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimetoka Dagenham nikaenda moja kwa moja hospisi. Kapungua kwa siku mbili tu, uso umebaki mifupa. Kaniona, kacheka kidogo. Rajabu-san, kaniita, kwa heshima ya kwao Japani.

Ana ombi. Kila Oktoba yeye na marehemu mumewe walikuwa wakimpeleka Mame kwenye hekalu dogo la Kijapani, lipo pwani ya Essex, bustanini kwa mzee mmoja wa kwao. Mbwa anaombewa afya, wanapewa kihirizi cha kitambaa. Mwaka huu hajaenda. Mame ana miaka kumi na minne, moyo mbovu, daktari wa wanyama kampa wiki tatu, nne akijaliwa. Bi Haruyo anataka Mame aombewe mara ya mwisho, na kile kihirizi akishike mkononi kabla hajaondoka. Hivyo hivyo kasema, kabla hajaondoka. Hana mtoto, hana ndugu nchi hii. Kaniangalia mimi.

Nikasema ndiyo. Hata sikufikiri!

Nje, kituo cha basi, ndipo akili ikarudi. Mimi, mtoto wa Tanga, niliyechapwa na maalimu kwa kumtupia mbwa kipande cha mkate — leo nimpeleke mbwa hekaluni kuombewa? Ya Rabbi, nimejitia wapi?

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemwambia Deus, mwenzangu wa chumba. Kacheka mpaka kakaa chini. Ustadhi na mbwa hekaluni! Eti nimpigie picha.

Acheke tu. Mbwa mkavu hana tabu, ukimgusa umemgusa. Tabu ni akiwa na majimaji — hapo najisi, uoshe mara saba, na moja iwe kwa udongo. Ndiyo maana nina chupa ya jamu yenye udongo wa Barking Park chini ya sinki. Mwaka wa kwanza Deus alidhani kahawa, akachemsha maji. Kazini nimejipanga: glavu, kamba ndefu, na Mame mwenyewe ana adabu zake, ananikalia mbali. Miaka mitatu hajanilamba hata siku moja.

Na kuhusu hekalu nimeshajipa fatwa yangu: mimi siombi kitu. Mimi mchukuzi tu. Namfikisha, anaombewa, narudi naye.

Deus akaleta lake. Usiende, kasema. Mwambie umekwenda, mpelekee kitambaa chochote, bibi anakufa, atajuaje? Nilimjia juu, tukakaripiana kama watoto. Baadaye kaniletea chai. Nimeinywa lakini sikumsemesha.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya swala nilitaka kumuuliza imamu. Nikamwona amezungukwa na watu, nikaona haya, nikachukua viatu vyangu.

Bi Haruyo hali chakula tena. Nesi kaniambia kama una neno lako mwambie, usingoje. Nikamwambia: kesho, bibi, kesho nampeleka Mame. Kanishika kidole kimoja, kakibana. Nguvu zenyewe hana.

Siwezi kusahau. Wiki yangu ya kwanza kwake adhuhuri ilinikuta kazini, nikawa nahangaika, naangalia saa. Kaniuliza kulikoni, nikamweleza. Kesho yake nakuta taulo jipya limetandikwa sebuleni, limeelekezwa Makka sawasawa — alimuuliza mfamasia! — na Mame kafungiwa jikoni, miguu yake imefutwa. Tangu siku ile kila adhuhuri hivyo hivyo. Hakuna aliyemwambia. Mama yangu mzazi asingefanya zaidi.

Nampenda yule bibi. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 11 Oktoba

Saa tatu na nusu, kwenye treni. Barking mpaka mwisho wa reli, hakuna kubadilisha. Mame chini ya kiti, anahema kwa shida. Mtoto wa Kizungu kaniuliza anaitwa nani. Mame, nikasema, maana yake maharage. Kafurahi huyo!

Mvua imeanza. Na mimi sina mwavuli. Mjinga mkubwa.

Saa sita kasoro. Naandika kwenye benchi, nje ya lango la hekalu. Karatasi inalowa, sijui nitayasoma haya baadaye. Niandike kwa mpangilio.

Tumetembea dakika ishirini kutoka stesheni. Bahari imekupwa, matope matupu, na maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa. Nyumba ya mzee ipo ya mwisho kabisa. Nyuma yake bustani, lango jekundu la mbao, ndani kijumba kidogo kinachotazama baharini. Mzee mwenyewe Bwana Ishida, kavaa joho jeupe na buti za mvua. Kamtambua Mame kabla hata ya kuniangalia mimi. Na Haruyo? kauliza. Mgonjwa, nikasema. Kainamisha kichwa.

Halafu kaniambia utaratibu. Mbwa hakanyagi ndani. Ukivuka lango, mbebe mikononi mpaka pale mbele, miguu yake isiguse ardhi.

Nikamwangalia Mame. Karowa chapachapa, anatetemeka, matope mpaka tumboni. Glavu zangu za sufi, zimeshalowa. Nikasema moyoni, Rajab, leo umepatikana.

Nikainama, nikambeba. Mzito kuliko nilivyodhani, na ana joto. Maji yake yakapenya koti mpaka kifuani. Akageuza kichwa akanilamba shingo. Miaka mitatu hajathubutu! Na mimi — wallahi — sikumtoa.

Hatua mbili kabla ya lango, simu. Geeta. Hospisi wamepiga ofisini: Bi Haruyo kafariki saa tano na dakika kumi. Pole sana Rajab. Kisha kaniuliza ufunguo wa nyumba yake nitaurudisha lini.

Inna lillahi. Sijui kama ilifaa kumsomea, imenitoka tu. Sikufika. Kihirizi hakukishika.

Bwana Ishida kaniona. Nikamwambia. Kanikalisha kwenye benchi, mvua inampiga. Kisha kanieleza polepole, kwa huruma kabisa: kwao mfiwa havuki lango. Msiba ukikugusa unangoja siku hamsini. Sisi tuna arobaini, wao hamsini. Mame hahesabiwi, kasema, mnyama hana lawama. Anayehesabiwa ni anayembeba. Yeye mwenyewe hawezi kumbeba, mikono yake inashika vifaa vya tambiko.

Kwa hiyo kaniuliza. Haruyo ni nani wako? Kama ulikuwa mfanyakazi wake tu, karibu, vuka, tumwombee mbwa wake kama alivyotaka. Kama ni mtu wako, basi rudini Desemba.

Desemba! Mame hafiki Desemba. Huyu hata mwisho wa mwezi sijui.

Kaenda kuwasha uvumba, kasema nitulie, nifikiri.

Nifikiri nini? Neno moja tu. Mfanyakazi. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye beji yangu. Ndivyo Geeta anavyojua, ndivyo hospisi wanavyojua, ndiyo maana hawakunipigia mimi. Nikilisema, Mame anaombewa na ahadi yangu imetimia. Ila bibi atakuwa kafa bila hata mtu mmoja wa kumlilia — kwa kauli yangu mwenyewe, saa yake ya kwanza.

Mame yupo mapajani, kafumba macho, anahema.

Mzee anarudi. Machozi yananitoka, siyawezi. Nayafuta kwa mkono wa koti, haraka haraka, asije akaniona mfiwa.