Kijani cha Kupakwa

2 Februari

Baba,
Shikamoo. Kifua kinasemaje siku hizi, na mama hajambo? Mimi mzima, ila macho yananiwasha kwa kuchungulia vichupa.

Umeniuliza huku maabara tunapika nini. Tunafuga hamira, ndugu yake ile ya mkate, ila hii ina rangi ya waridi. Tunaivunja ganda na kuitoa rangi, itiwe kwenye maziwa mgando ya watoto. Zamani ilitolewa kwa heksani, maji makali ya ukoo wa petroli. Mimi nimepata njia ya kuitoa kwa spiriti ya miwa. Maji ya kazi hii yasiyodhuru watu wala mito tunayaita ya kijani. Na kiwanda cha huko nyumbani ndicho kitakachotumia njia yangu. Nacheka peke yangu kama mwehu.
Mwanao

19 Februari

Mwanangu,
Marahaba. Kifua bado tunabishana, mama yako anasema ule ushibe.

Swali moja. Kijani gani kitoe waridi? Mimi fundi rangi tangu hujazaliwa, na kijani ukikitia kwenye waridi unapata tope. Usinicheke.
Baba yako

6 Machi

Baba,
Shikamoo. Nimecheka, utanisamehe. Kijani ni jina tu, kama yule jirani tunayemwita Bonge na upepo ukivuma anashika ukuta. Spiriti yenyewe ni nyeupe kama maji. Mwambie mama nakula.
Mwanao

28 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Huku wote tu wazima, na nina habari ya kujivunia. Kiwanda chenu kimeniita kazini. Nimepaka mapipa yote ya ghalani kijani kibichi, mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, maana kuna wakaguzi wanakuja. Kulikuwa na alama ya hatari ya moto ubavuni mwa kila pipa, nimeifunika vizuri, huioni hata ukiitafuta.

Nikamwambia meneja, binti yangu kanifundisha kijani ni jina tu. Akacheka, akasema, "Mzee, sisi tumeona bora kionekane."

Ila mle ndani panaumiza kichwa. Pananuka petroli, na akina dada wanaofanya kazi humo wamejifunga vitambaa puani. Nimerudi nakohoa hadi mama yako kanuna. Spiriti ya miwa ndivyo inavyonuka?
Baba yako

4 Aprili

Baba,
Shikamoo. Sikuulizi mengi leo, nina hasira.

Spiriti ya miwa hainuki petroli. Hiyo ni heksani ileile. Njia yangu wameitupa kwa kuwa inachelewa, wakabaki na jina lake. Wametupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, baba, mimi na wewe. Na kuna karatasi wameniletea nitie sahihi, kwamba rangi ya maziwa ya watoto imetolewa kwa njia ya kijani. Sitii. Wakitaka kunifukuza, mlango naujua.

Wewe usikanyage tena mle. Kifua chako hakiwezi.
Mwanao

21 Aprili

Mwanangu,
Marahaba. Umenikataza kurudi, nami nimerudi.

Asubuhi ya wakaguzi nilimwambia mlinzi nimekuja kupiga mkono wa tatu, akanifungulia. Meneja alikuwa ghalani anawaonyesha wageni mapipa, kila neno la pili ni kijani. Nikatoa kikwangulio, nikakwangua pipa la kwanza mbele yao mpaka ile alama ya moto ikatokea.

"Mzee, unaharibu kazi."

"Kazi ni yangu," nikamwambia. "Najua nilichofunika."

Mkaguzi mmoja akafungua kifuniko, akarudi nyuma kashika pua. Mimi nilitolewa nimeshikwa shati, na kikwangulio changu wakabaki nacho. Lakini akina dada walitoka nyuma yangu na vitambaa vyao, wakaketi getini. Mpaka naandika hii hawajaingia.

Nimekasirika, mwanangu, sikufichi. Maisha yangu yote nimepaka rangi kufunika kutu na uchafu wa kuta za watu, hakuna aliyewahi kunitumia kufunika sumu. Na wakanitumia kwa jina la kazi ya mtoto wangu.

Mapipa mengine bado ni ya kijani. Ukifukuzwa, usilie njiani. Pitia dukani, ununue vikwangulio viwili.
Baba yako