Pijo Yako Yenye Kiu na Foksi Yangu

Mwadime, rafiki yangu,

Sijatulia. Tangu niandike jina lako nimeinuka kitini mara tatu, kwenda kuyatazama tena magari yetu mawili katika banda lako hapa Mwatate. Mkeo amesema kwa upole wake uleule: "Shemeji, banda linabomolewa Jumamosi, watoto wanajenga. Uwanja unatosha gari moja. Chagua wewe, mlibishana vya kutosha."

Tulibishana kweli. Foksi yangu, Volkswagen ya mgongo wa kobe, injini nyuma, uzito juu ya magurudumu yanayosukuma, ilipanda mlima wa Ronge kwenye matope kama mbuzi. Pijo yako 404 ilikuwa na gia kwenye usukani, viti kama vya sebuleni, na springi zisizojua mashimo. Lakini ilitaka maji. Kila ukipanda ulisimama pale kijitoni, ukafungua boneti, ukachota kwa kopo, ukasalimiana na kila mtu hadi ukajua ng'ombe wa nani amezaa. Mimi nilikupita nikipiga honi. "Mzee, mgonjwa anaendeleaje?" Nawe ukanijibu, "Pita, kobe! Usiyesimama na watu, utazikwa na nani?"

Nilipita, Mwadime. Nikapita mpaka Kitale, kazini, miaka thelathini na minane. Foksi nilikuachia nikisema ni kwa miezi miwili tu. Hata mazishi yako sikuyawahi. Nilikuta maua yamenyauka.

Jana nilishaamua kubaki na yangu. Nikazungusha ufunguo. Ikawaka mara moja! Kwa fahari nikaenda kujaribu yako, nikushinde hata sasa. Kimya. Nikainua boneti: mahali pa betri pana kutu, na nyaya mbili zimefungwa kitambaa. Mkeo alikuwa mlangoni. "Betri ilikuwa moja, shemeji. Aliiweka kwa yako. Kila Jumapili akitoka kanisani aliiwasha. 'Akija asiikute imekufa.'"

 

Basi, Foksi inaondoka. Fundi mmoja wa Voi ataichukua Ijumaa, aje na betri yake. Ile yako nimeitoa chini ya kiti cha nyuma cha Foksi, nimeirudisha kwenye Pijo. Imewaka.

Lala, ndugu yangu. Jumamosi nitaipandisha Ronge, polepole. Naahidi: kijitoni nitasimama, hata rejeta ikiwa imejaa maji.

Ni mimi,
Kobe