Karatasi Mbili za Mama

Pothia, Kalymnos,
Jumatatu ya Roho Mtakatifu,
24 Juni 2024.

Mpendwa kaka Pantelis,

Hujambo huko Darwin? Mgongo je? Sakellaris wa duka la nyavu alikuja likizo kutoka huko mwezi wa tano, akaniambia unaupaka dawa kila asubuhi halafu unakwenda kubeba mifuko ya saruji kama kijana wa miaka ishirini. Acha hayo, una miaka hamsini na sita. Mkeo hajambo? Na binti yenu Evdokia, anafanana na mama yako, mama mdogo Evdokia, aliyemwachia jina, au amefuata sura yako, maskini?

Sisi hatujambo. Miguu yangu imevimba kwa joto, na mume wangu Nomikos anakoroma mpaka paka amehamia kwa jirani. Mama anatembea kwa fimbo sasa. Ametimiza themanini na nne na ulimi wake haujazeeka hata siku moja.

Najua umeigeuza bahasha hii mara mbili kusoma jina langu. Miaka ishirini na tatu hatujaandikiana, na kosa la kunyamaza ni langu kuliko lako. Anwani nilimng'ang'ania Sakellaris mpaka akaitoa. Nakuomba usiichome barua kabla ya kufika mwisho.

Nisikuzungushe. Tumeingia tena ghuba ya Aspropetra, mimi na Nomikos, sisi tulioapa kwamba hatutatia nanga pale maisha yetu yote.

Kuzamia sifongo tuliacha zamani. Siku hizi tuna mashua ya matanga, tumeiita Kalotina kwa jina la Mama, na tunabeba wageni. Kundi moja kwa siku, mashua yote yao. Wanaogelea, mimi nawapikia, jioni tunawarudisha bandarini wekundu kama nyanya. Mama alipoambiwa jina la mashua alifoka, “Mkizama nalo mtasema mimi ndiye niliyezama!” Lakini alijitia kufuta miwani ili nisimwone akicheka.

Jumatano ya tarehe kumi na mbili tulikuwa na Waholanzi watano: mume, mke, binti zao wawili wakubwa, na bibi mmoja mkongwe, mama wa huyo mke. Upepo wa kaskazini uliamka mapema, na kila ghuba iliyokingwa ilikuwa imejaa mashua na muziki. Mume akanyoosha kidole kule Aspropetra, kwenye mwamba mweupe, akauliza kwa nini pale hakuna mtu. Nomikos akanitazama mimi. Nami, sijui nilipatwa na nini, nikamwambia, “Haya, ingia.”

Unayajua yaliyotokea pale kuliko mtu yeyote. Hata hivyo acha niyaandike, maana nyumbani kwetu hakuna anayeyatamka. Septemba ile ya mwaka 2001 kaka yangu Themelis alishuka chini kutafuta sifongo, wewe ukiwa umeshika kamba yake. Kuvuta mara tatu maana yake ni niinueni. Ulimwinua mara ya kwanza, akapanda mzima, akakutukana. Ulimwinua mara ya pili, akakwambia, “Hakuna aliyevuta, wewe! Ukinitoa tena nitakupiga makofi!” Ya tatu ilipokuja, ukaiacha. Ulipokuja kuivuta baadaye ilipanda nyepesi, imekatwa na mwamba, na mwili wake mpaka leo haujapatikana.

Ulituambia hivyo hivyo, neno kwa neno, kwamba kamba ilikuwa ikivuta asubuhi nzima bila mtu. Nasi tukakuita mwongo. Tulisema ulilala. Nomikos aligeuza uso ulipompa mkono bandarini, na mimi, Mungu anisamehe, nilikufungia mlango na nikakusikia ukisimama nje.

Kuna jambo jingine ambalo hujui, na nimeona haya kulitia kwenye wino. Unakumbuka zile karatasi mbili tunazompelekea padri pamoja na sinia la ngano ya kuchemsha, moja ya majina ya wazima, nyingine ya marehemu, azisome madhabahuni. Kwa kuwa hakuna mifupa, Mama hakukubali kumwandika Themelis kwa marehemu. Miaka ishirini na tatu anamwombea afya. Kila Jumapili anamwekea sahani, anaitazama, anaiondoa safi. Na wewe, kaka yangu, mwaka ule ule ulipopanda meli, akakuandika kwa marehemu. Tulimsihi. Akasema, “Aliye hai namjua mimi, na aliyekufa namjua mimi.” Basi umekuwa ukisomewa sala ya wafu kila mwaka hali unapaka dawa mgongo huko Darwin.

Narudi kwenye ghuba. Tulitia nanga, tukafunga kamba ya nyuma kwenye jiwe la ufukweni, pale pale unapopajua. Watu wanne wakaruka majini. Bibi alibaki kivulini na kofia yake. Mimi niliwasha mkaa wa pweza, na kazi yangu nikiwa napika ni kuhesabu vichwa. Nahesabu kila baada ya muda mfupi, ni mazoea, nafanya hata nikiwa naimba.

Nikahesabu vitano.

Nikajiambia, Sevasti, jua limekuingia. Nikaweka koleo chini, nikahesabu kwa kidole. Mume, mke, binti, binti, na kichwa cheusi karibu na mwamba, kimelala maji, kimya, kinatazama upande wa mashua. Sikupiga kelele. Nilijikuta nimeketi nyuma, nimeshika ile kamba iliyofungwa kwenye jiwe.

Kamba ikanivuta mkono. Moja, mbili, tatu. Ikatulia. Nikadhani ni wimbi. Moja, mbili, tatu. Pantelis, nikaanza kulia kabla sijajua kwamba nalia. Ilikuwa na nafasi ile ile kati ya mvuto na mvuto, kama mtu aliyefundishwa. Nikapiga ukelele, “Tokeni! Tokeni wote!” kwa Kigiriki, wao wasijue nasema nini. Walipanda ngazi wakigombania, wamedhani ni papa. Nikawahesabu wakipanda. Wanne. Maji yalikuwa matupu kabisa.

Nomikos aliwatuliza, akawaambia mke wake huogopa samaki. Nilipakua chakula: pweza, majani ya mzabibu yaliyojazwa wali na nyama, saladi ya mkate mkavu wa shayiri na jibini, na ule uchafu wa wapiga mbizi uliokuwa ukiupenda wewe na Themelis, spinialo, nyama ya kikombe cha baharini, kile kiumbe kilaini kinachonata kwenye mwamba, iliyolala kwenye chupa ya maji ya chumvi. Wageni hawaigusi kamwe. Sijui kwa nini niliibeba siku hiyo.

Walikula, wakacheka, wakanywa uzo. Yule bibi tu ndiye hakucheka. Aliniita kwa mkono, akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole, kinacholingana na changu cha jikoni, “Yule mwenzenu mbona hamkumngoja? Ana baridi.” Nikamuuliza mwenzetu yupi. Akaonyesha mwamba. Binti yake akamwambia, “Mama, kofia imekubana,” na mazungumzo yakahama. Nikachukua chupa ya spinialo, nikaimwaga yote majini upande ule. Nomikos aliona.

Wageni waliposinzia, Nomikos alivaa miwani ya mbizi akashuka. Alikaa sana, nikawa nimeshika kamba na kuomba watakatifu wote ninaowajua na wengine niliowabuni. Aliporudi juu midomo ilikuwa myeupe. Chini ya mwamba kuna tundu, kaka. Maji yanaingia na kutoka, na yakitoka hutoka kwa mikupuo mitatu, kisha hupumzika. Alishika ile kamba yetu ya nyuma pale inapozama mbele ya tundu, hapakuwa na kitu kilichoishika, na kamba ikavuta mara tatu mkononi mwake mwenyewe.

Alikaa amejifunika taulo, mwanamume wa miaka sitini, akasema, “Ningekuwa mimi niliyeshika siku ile, nisingejua. Hakuna ambaye angejua.” Baadaye akasema, “Nilimgeuzia uso.”

Basi tundu lile limeeleza kamba. Kichwa cha tano hakuna aliyenieleza mpaka leo, na sijamwuliza mtu.

Nilimwambia Mama usiku ule ule, maana nisingelala. Nilitarajia anirushie fimbo. Akasema, “Nipelekeni.” Nomikos akasema ni mzee mno. Akamjibu, “Na wewe ni mnene mno, lakini mashua inakubeba.” Jumapili, baada ya misa, tukaenda naye, watatu tu, hakuna wageni.

Hakukuwa na kichwa chochote majini. Nilitazama sana, na nakwambia kweli, nilitamani kukiona. Mama aliketi nyuma kwenye mto, akaweka kamba kwenye kiganja chake, akafumba macho. Kahawa niliyompa ilipoa. Nilimsikia akihesabu kwa sauti ndogo, moja, mbili, tatu, akinyamaza, akianza upya, kama anavyobembelezwa mtoto. Ilipita saa nzima. Kisha akafumbua macho akaniuliza, “Alimwinua mara ngapi?” Nikamwambia mara mbili. Akauliza, “Na mara zote mbili mwanangu akamtukana?” Nikasema ndivyo ulivyotuambia. Akatikisa kichwa. “Ni yeye huyo. Ndivyo alivyokuwa. Hata mimi nikimwamsha alinitukana.”

Akaiachia kamba akalia, Pantelis. Hakuwahi kulia, wewe unajua. Siku ile watu wote bandarini walilia isipokuwa yeye. Alimlilia mwanawe kwa sauti mpaka mbuzi wa juu ya mwamba wakakimbia, nami nikamshika kiuno asije akaanguka majini. Tulipong'oa nanga alisema, bila kunitazama, “Huyu baridi inamuua kwa sababu hakuna aliyemwombea sala ya wafu. Mimi nimemzuia pale.”

Juzi Jumamosi ilikuwa Jumamosi ya Roho, siku ya kuwaombea marehemu. Ijumaa tulichemsha ngano, tukaipamba kwa sukari na komamanga na lozi. Mama akaomba kalamu na karatasi mbili. Mimi huandika siku zote kwa sababu ya macho yake, lakini safari hii alikataa. Nilimwona anaandika Themelis kwenye karatasi ya marehemu, herufi kubwa, na alipomaliza akaibusu. Kisha akavuta ile ya wazima. Jina la kwanza, juu ya la kwangu, juu ya la kwake mwenyewe, akaandika Pantelis.

Kanisani padri alizipokea, akavaa miwani, akasita. Huyu padri ametusomea majina yetu tangu nikiwa bibi harusi. Akainama, akanong'ona, ila kunong'ona kwake kunasikika mpaka mlangoni, “Bibi Kalotina, hapa umechanganya. Pantelis nimemsoma kwa wafu miaka yote hii.” Kanisa zima likageuka, pamoja na wale wambeya wa mtaa wa juu, unawajua.

Mama akasimama bila fimbo. Akasema kwa sauti yake ile ya sokoni, “Sijachanganya leo. Nilichanganya zamani. Kijana hakulala, kamba ile ilimdanganya. Nilikosea mimi. Msome kwa wazima, na usome kwa nguvu.”

Padri akasoma kwa nguvu.

Jana Jumapili niliandaa chakula, naye akatoa sahani ya ziada kabatini kama kawaida yake. Nikamwambia taratibu, “Mama, si tumeshamaliza hilo?” Akanijibu, “Ya Themelis nimeivunja asubuhi, iko kwenye pipa. Hii ni ya Pantelis. Mwandikie aje kabla mimi sijahamia ile karatasi nyingine.”

Ndiyo sababu ya barua hii. Sikuandikii kwa huruma. Nakuandikia kwa sababu nilikufungia mlango, nami nataka niwe mimi wa kuufungua, kama utakubali kuugonga mara ya pili. Ukija tutakwenda Aspropetra wewe na mimi, utaishika kamba na kuhesabu, upate kuamini kwamba tunakuamini. Usipoweza, sitakulaumu. Lakini niandikie hata mstari mmoja.

Nomikos anakusalimu; anasema mkono alioukataa bandarini bado anaudai. Mama anamsalimu mkeo na anamtumia Evdokia zeri ya miguu, sijui kwa nini miguu, usiniulize. Msalimu pia kaka Sakellaris akifika huko salama.

Mungu akulinde ardhini na baharini, na usingizi wako uwe mtulivu kuanzia usiku utakaosoma haya.

Mimi dada yako, niliyechelewa lakini nakupenda,

Sevasti