Jerikani Kichwa Chini

Hai Cinema, Juba

Baba Wakesho, mume wangu,

Pokea salamu zangu kwanza, kabla hujauliza kwa nini mtu mwenye simu mkononi ameamua kuandika barua. Mgongo unaendeleaje? Bado unauinamisha juu ya makochi ya watu kutwa nzima? Na Wakesho, kikohozi kimemwachia? Mwambie mama yake ni mzima, anakula vizuri, na siku hizi anasikia Kiarabu cha Juba kuliko alivyowahi kumsikia mwalimu wake wa hesabu. Ile homa niliyokuambia imekwisha kabisa, kwa hiyo usiendelee kuniuguza kwa mawazo.

Nimeandika kwa sababu mtandao wetu ni wa kukatika-katika, na kila nikianza habari za kazi unaniambia "sawa, sawa" huku nasikia nyundo yako ikigonga misumari. Haya nataka uyasome umekaa. Barua anakuletea mwenzangu wa ofisini anayekwenda likizo Mombasa. Atashuka hapo Voi, mkaribishe chai.

Mara ya mwisho uliniuliza, "Mghoi, hiyo kazi itashika, au nikungoje mvua zikiisha?" Tulikubaliana tangu naondoka: ikishika, wewe na mtoto mnakuja huku, isiposhika, narudi nyumbani bila kununa. Siku ile sikukujibu kwa sababu jibu sikuwa nalo. Leo ninalo. Ila nitakupitisha njia niliyopita mimi, maana nimejivunia na sitaki kujivuna peke yangu.

Unajua kampuni yetu ina programu ya simu ya kuagizia maji. Juba maji ya bomba ni bahati. Watu wengi huletewa na bauza, yale malori ya tangi, na kila nyumba ina pipa lake uani. Ukiishiwa unaagiza kwa simu, na bauza lililo karibu linakuja. Programu yenyewe waliitengeneza vijana hodari kabla sijafika. Kazi yangu mimi ni ikoni, ile picha ndogo unayoigusa ili programu ifunguke. Najua ulicheka niliposema nimevuka mipaka kuja kuchora kitu kisichozidi ukucha. Cheka tena, kisha uendelee kusoma.

Mkubwa wetu anaitwa Modi. Ni mwenyeji wa hapa aliyekulia Uganda wakati wa vita, mtu mwema na mtanashati, viatu vyake havijui matope hata mvua ikishinda inanyesha. Nilimkuta na ikoni yake tayari: tone la maji lililochorwa kwa mstari mwembamba kama unywele, samawati ikififia kuelekea nyeupe. Siwezi kusema uongo, lilikuwa zuri. Kwenye skrini kubwa ya ofisini lilipendeza hadi nikalisogelea.

"Mimi iko napenda kitu ya maridadi," Modi aliniambia. "Mtu akiona, aseme hii kampuni iko na heshima."

Sasa, jirani yangu Mama Keji ana mkahawa mdogo hapa mtaani, na maji kwake ndiyo riziki. Bila maji hakuna chai wala maharage. Tulimwekea programu kwenye simu yake. Kesho yake nikamkuta amesimama mlangoni, anapungia mkono kila bauza linalopita.

"Mama Keji, na programu?"

"Ile kitu yenu imepotea," akasema.

Nikaichukua simu. Haikupotea. Ilikuwa palepale, imekaa juu ya shavu la mjukuu wake, maana picha ya mjukuu ndiyo ameitandaza nyuma ya kila kitu. Mwanga wa skrini ameupunguza hadi mwisho. Watu wengi hapa huchajisha simu kwenye vibanda, kwa hiyo betri huchungwa kama moto wa jikoni siku ya kuni mbichi. Ongeza jua la Juba, ongeza kioo chenye ufa. Mstari mwembamba kama unywele atauona nani?

Nikakukumbuka wewe na yule mzee aliyetaka kochi lenye nakshi za mbao mgongoni. Ulimwambia, "Mzee, hilo ni la kutazama. La kukalia nitakutengenezea lini?" Nilikuona huna adabu siku ile. Sasa nakuelewa, maana ikoni ya Modi ilikuwa kochi la kutazama.

Nikapanda boda hadi soko la Konyo Konyo, nikawaonyesha wauzaji lile tone, nikauliza ni la nini. Mmoja akasema petroli. Mwingine akasema damu, labda ya hospitali. Mama mmoja muuza samaki wakavu aliitazama simu kwa muda mrefu, akaniuliza kwa upole kama ni kitunguu. Nilirudi ofisini nikicheka peke yangu juu ya boda.

Nikamshauri Modi tuachane na tone, tuchore jerikani ya manjano, kwa sababu kuanzia mtoto hadi bibi hakuna asiyeijua. Nikaichora nene, imesimama wima, imejaa, kifuniko kimekazwa, manjano juu ya buluu iliyokolea. Nikaipunguza hadi ukubwa wa ukucha, nikaishika mbali kwa urefu wa mkono, bado inasomeka. Modi akaguna, akakubali. Nikajiona fundi.

Tukampelekea Okello, Mganda anayeendesha bauza la mtaani kwetu, kwa sababu madereva nao hutumia programu hiyohiyo. Akaitazama, akatikisa kichwa.

"Hapa mimi napita," akasema. "Hii nyumba iko na maji."

Modi alidhani hajaelewa swali, akaanza kumweleza upya. Mimi nilikuwa nimeshashika kichwa. Kila asubuhi napita kwenye mageti ya Hai Cinema na nayaona. Mtaani kwetu, tangu kabla simu hazijaingilia mambo haya, nyumba iliyoishiwa maji huchukua jerikani tupu na kuipindua, kichwa chini, juu ya nguzo ya geti. Dereva akiiona anapiga honi na kusimama. Jerikani iliyosimama wima maana yake ni pita, sisi tumejaliwa. Geti letu wenyewe hufanya hivyo! Nami nimekaa mezani nikachora kwa ustadi wote ikoni ya kumfukuza muuza maji. Tulicheka na Okello hadi machozi yakatoka, Modi akitutazama tu.

Kuipindua picha ilikuwa kazi ya dakika. Kumpindua Modi ndiko kulikonitoa jasho.

"Mama Wakesho, kitu ya kichwa chini iko mkosi," akasema. "Wenye kampuni wataona sisi tumeanguka."

"Bosi, hakuna anayefungua programu hii akiwa na maji. Anaifungua akiwa hana. Acha aione hali yake mwenyewe, kidole kitafika bila kuambiwa."

"Na maridadi?"

"Maridadi ipo. Nipe nafasi nimalize."

Akanipa. Lakini hakunificha kwamba wenye kampuni walikuwa wanakuja kuchagua, na kwamba mchoraji mmoja wa Kampala ameshaleta kazi yake. Wakiipenda ya huyo, mkataba wangu unakwisha pamoja na mvua. Hapo niliogopa, Baba Wakesho. Nilijiona nashuka Voi na begi langu, Wakesho anafurahi, wewe unanibebea mzigo bila kuuliza neno, na mimi nimeyameza maneno yangu yote makubwa. Ila hofu haikunikalia sana. Nilijua niko sawa, na mtu akijua yuko sawa, kilichobaki ni kufanya kazi.

Uzuri sikuuacha, usidhani. Jerikani niliiinamisha kidogo sana, ionekane imewekwa na mtu, haikuanguka. Mpini niliunenepesha na tundu lake nikalipanua, ili picha ikiwa ndogo lisizibe. Nikatoa kivuli, nikatoa mng'aro, nikatoa herufi za jina la kampuni ambazo Modi alizipenda kama watoto wake, na kila nilichotoa picha ikazidi kupendeza. Simu hukata pembe za ikoni kuwa mviringo, basi nikaacha nafasi kandokando, kama wewe unavyoacha kitambaa cha kukunjia. Mwisho nikaweka nguzo nyeupe chini yake, mstari mmoja tu mnene. Mama Keji alipoiona alisema, "Hii geti yangu."

Siku yenyewe ikafika. Wenye kampuni walikaa ndani kwenye kipozahewa, michoro ikioneshwa ukutani, mikubwa kama milango. Ya yule wa Kampala ilikuwa ndege mweupe anaruka juu ya wimbi la mto, mabawa yamepindwa vizuri mno. Nakuambia kweli, pale ukutani ilinishinda. Nikawaona wanaitikia kwa vichwa. Nikainua mkono, nikaomba tutoke nje.

"Nje? Na hii jua?" akauliza mmoja wao, mzee wa makamo aliyevaa tai.

"Ndiyo, mzee. Na hilo jua."

Walitoka wakijikinga macho kwa viganja. Nilikuwa nimeazima simu ya Mama Keji, ufa wake na mjukuu wake na mwanga wake hafifu, na ikoni zote mbili nimeziweka humo katikati ya nyingine. Nikampa yule mzee wa tai, nikamwambia, "Nyumbani kwako pipa limekauka. Agiza maji." Ndege wa Kampala alikuwa amegeuka doa jeupe kwenye paji la uso wa mtoto. Mzee hakumwona kabisa. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye jerikani, na programu ikafunguka.

"Kwes," akasema. Ndiyo nzuri ya huku. Akanirudishia simu, wakarudi kivulini.

Modi sasa anamwambia kila mtu kwamba yeye toka mwanzo alisema kichwa chini. Nimemwachia, maana ndiye aliyetia sahihi karatasi yangu. Kazi imeshika, mume wangu. Ni ya kudumu, na wananipa nyumba yenye chumba cha mbele kinachotazama barabara. Nilipokiona nilinusa gundi na sponji za karakana yako kabla hata mlango haujafunguliwa vizuri.

Njoo. Makochi ya mji huu yanalia, hata la Modi mwenyewe limebonyea upande mmoja hadi anaketi kama mtu aliyepandishwa punda. Shule ya Wakesho nimeiona, mwalimu ni Mkenya, choo ni safi. Joto litawasumbua mwanzoni, na mvua ikizidi barabara huwa uji, hayo siyafichi. Pitieni mpaka wa Nimule. Mkifika Nesitu, pale malori yanaposimama, nipigie simu nianze kusonga ugali, maana hapo mmeshafika.

Nisalimie mama mkwe, mwambie ile shuka aliyonifumia nailalia kila siku na Juba nzima wameisikia. Msalimie shemeji Mwakio, na umkabidhi karakana bila kumhubiria. Mikono anayo, anachokosa ni wewe kumwacha afanye. Wifi Mkabili mwambie ndizi za kukaanga huku zipo ila hazifikii zake. Binti yangu mbusu mashavu yote mawili, kisha umbusu tena kwa niaba yangu.

Jambo moja limebaki. Leo asubuhi Okello alitujazia pipa hadi maji yakamwagika uani. Alipoondoka nilichukua jerikani, nikaipindua, nikaiweka juu ya nguzo ya geti. Mama Keji akatoka na ufagio wake.

"Mama Wakesho, moya mafi?" Ananiuliza kama maji hakuna.

"Maji yapo, Mama Keji. Pipa limejaa."

"Sasa hiyo inafanya nini kichwa chini?"

Nikamwambia nyumba hii imepungukiwa na Baba Wakesho. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akaja akaisukuma kidogo katikati ya nguzo, isije ikaangushwa na upepo. Iko pale. Utakapofika utaishusha kwa mkono wako.

Mkeo,
Mghoi