Jina Lako Bado Linafua Mashuka

Mama Kulwa,

Hivi wewe una adabu kweli? Miezi saba tangu tukuzike Misungwi, hata ndotoni hujakanyaga. Marehemu mama mkwe wangu, ambaye hatukupatana hata siku moja, ameshanijia mara tatu kulalamika. Wewe, niliyefua nawe miaka kumi na tisa, kimya. Basi nimeamua kukuandikia, ukasirike kama unataka.

Naandika kwa mkono wangu. Darasani sikukanyaga, unajua. Herufi zangu zote ulinipa wewe kwenye mashuka ya hospitali: W ya wazazi, U ya upasuaji, T ya watoto, maana W wazazi walishaichukua. Kwa hiyo ukikuta nimekosea, jilaumu mwenyewe.

Nina hasira, Rozalia. Wametuletea mafunzo ya kompyuta. Siku tatu ukumbini, sisi wote: wafagizi, wapishi, wasukuma machela, na mimi wa dobi. Daftari basi, wanasema, sasa sabuni itaombwa kwenye mashine, na mashuka yataandikwa kwenye mashine. Asiyeweza anaondolewa kwenye nafasi yake. Sawa, sikatai kujifunza. Lakini huyo mwalimu! Ana haraka kama anafukuzwa na nyuki. Bofya hapa, bofya pale, mimi bado natafuta kamshale kamepotelea wapi. Nikichelewa ananipokonya kipanya, anafanya yeye, halafu ananiuliza, "Umeona, bibi, ilivyo rahisi?" Nimeona nini? Nimeona mkono wake. Na herufi zenyewe zimetupwa ovyo, A huku, B kule, na kuna Q ambayo sijawahi kuiona kwenye shuka lolote. Vidole vyangu unavijua, dawa ya madoa imevila. Nagusa moja, zinatoka tatu.

Ngoja nikueleze kilichonitoa ukumbini. Ile kompyuta ya dobi ulifundishwa wewe peke yako. Ulipolazwa ukaninong'oneza neno lako la siri ili kazi isilale, nikawa naingia kwa jina lako. Herufi za jina lako na za neno hilo tu ndizo nilizozoea; mashine ikishaandika umefika kazini, mengine yote nayaandika daftarini. Ulipofariki hakuna aliyeniambia niache. Kila asubuhi naandika Rozalia, kioo kinajibu, "Karibu, Rozalia." Nami naitikia, "Asante, tumeshafika." Wasichana wa kukunja mashuka wananicheka. Waache wacheke.

Siku ya tatu mwalimu akaonyesha ukurasa wa dobi ukutani, mbele ya watu wote. Akasema, "Huyu Rozalia yuko wapi, asimame tumpigie makofi? Hajakosa kazini hata siku moja!" Yule mpishi wetu Mkerewe, mwenye sauti kama honi ya meli, akamjibu, "Hawezi kusimama, mwalimu. Tulishamzika."

Watu wakacheka, Mama Kulwa. Hata mimi, kidogo. Halafu kicheko kikanikatika.

Msimamizi wetu akasema jina lako lifutwe, na nilifute mimi, kwa kuwa dobi sasa iko mikononi mwangu. Nisipolifuta sipati jina langu. Jumatatu mwalimu anarudi kukagua; akikuta bado sina jina, natolewa dobi napelekwa kufagia uwanja. Mwalimu akanionyesha pa kubofya. Mashine ikaniuliza, "Una uhakika unataka kumfuta Rozalia?" Sasa hilo ni swali la kumuuliza mtu? Siku ile nakuosha, nakuvisha, nakufunga kilemba, hakuna aliyeniuliza kama nina uhakika. Nikainuka, nikabeba mkoba wangu, nikatoka. Nilitembea kwa miguu hadi Mkolani nikitukana njia nzima. Simtukani mwalimu. Nakutukana wewe! Nani alikutuma ufe na kompyuta kichwani mwako peke yako?

Lakini leo Jumapili, nimetoka kanisani, nimekaa, jambo moja limenichoma. Mashine inasema umefua miezi saba hii yote. Wewe, uliyekufa umechoka, mgongo umekwisha, miguu imevimba, uko kwenye machela bado unauliza kama wodi ya wazazi imepata mashuka makavu. Na mimi nikakurudisha kazini. Kila siku, saa moja asubuhi, bila likizo, hata Krismasi. Kisa nini? Sikutaka kuingia kile chumba chetu cha kufulia peke yangu. Ndiyo hivyo tu.

Nisamehe, rafiki yangu.

Kesho narudi. Nitamwambia yule mwalimu atie mikono yake mfukoni, nibofye mwenyewe. Mashine ikiuliza, nitajibu ndiyo. Kisha nitaandika Minza, herufi tano, hata zikinichukua asubuhi nzima. Nakuahidi. Na nikiomba sabuni wakaniletea magodoro, basi kosa litakuwa langu, kwa jina langu. Wewe kazi yako umeimaliza. Kwaheri ya kazi, Rozalia. Ile nyingine bado sijaiweza.

Sasa sikiliza. Ukija ndotoni, na utakuja, usiniletee ukaidi, usivae sare. Vaa kile kitenge chako cha njano. Dobi usipite kabisa, njoo moja kwa moja kwangu Mkolani, nitakuwa nimepika sato. Kaa mkekani, nyoosha miguu, ule. Na ukithubutu kuniuliza habari ya mashuka, nakufukuza.