Kodi ya Jengo Langu

Jumatatu

Sijui kesho nitamtazamaje Rehema.

Tangu ahamie chumba changu cha uani akitokea Michenga, chumba kina luku yake, na umeme ananunua mwenyewe. Kila mwezi analalamika kwamba uniti zinakuja pungufu. Mimi nikamwambia ni pasi yake inayokula umeme, nikampiga marufuku kuiwasha.

Leo jioni kaja mlangoni. "Shikamoo mama. Nimeuliza pale ninaponunua umeme. Kumbe kila mwezi wanakata kodi ya jengo. Sasa mama, jengo hili ni langu?"

Hakuwa na hasira. Afadhali angefoka.

Nilijua kwamba kodi ya jengo inakatwa kwenye luku. Sikutaka tu kufikiria ni luku ya nani.

Nimemwambia nitampunguzia kwenye pango, yote aliyokatwa. Akapiga goti kabisa, akanishukuru. Mimi!

Na ile pasi…

Jana kanisani binti wa Rehema alikaa mbele yangu, gauni lina makunyanzi mgongo mzima. Misa nzima nikawa nawaza, huyu mama hata kumnyooshea mtoto nguo anaona uvivu.